Mpe mtoto kitabu, kisha msubiri aseme

Wazazi wenzangu wa Lindi, mtoto asiyefungua mdomo darasani si kwamba hana la kusema. Mara nyingi amekosa mtu wa kumsubiri. Siku za Jumamosi huwasomea watoto wa awali na wa darasa la kwanza kwenye maktaba ndogo ya shule mtaani kwetu, na hapo nimeyaona mengi.

Kwanza, mwache achague kitabu mwenyewe, hata kama ni kilekile cha wiki iliyopita. Muulize, "Unaona nini hapa?" Kisha nyamaza. Usimmalizie sentensi. Akianza kwa Kimwera au Kimakonde, mwache aendelee. Hawakosekani wenzake wa kukufafanulia. Darasani swali lina jibu moja na anayekosea huchekwa, lakini picha kitabuni kila mtu anaisoma anavyoiona.

Pili, yaandike anayoyasema, kama alivyoyasema, bila kuyanyoosha. Halafu msomee.

Kuna binti mmoja ambaye alikuwa akijibu kwa kutikisa kichwa tu. Siku hiyo tulifungua picha ya dinosaria mwenye shingo ndefu. Nikawaambia kwamba mifupa ya mnyama wa namna hiyo ilichimbwa Tendaguru, mkoani kwetu hapa, kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakaibeba hadi pwani, ikasafirishwa kwa meli mpaka Ujerumani. Leo amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, kimo chake kinapita mita 13. Kimya. Mara yule binti akauliza, "Na kichwa alikibeba nani?" Wenzake wakadakia, huyu anasema watu wawili, yule anasema kumi. Niliandika swali lake kwenye karatasi pamoja na jina lake, nikalibandika ukutani. Jumamosi iliyofuata nilimkuta akiwaonyesha wengine kwa kidole: "Hilo nimeuliza mimi." Tangu hapo anauliza mpaka raha.

Wapo wanaoona kwamba mtoto mwenye maswali mengi hana adabu. Mimi siafiki. Adabu ni namna ya kusema, na mtoto anaifunza kwa kusema. Tena Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 11, inampa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu.

Shuleni kwa mwanao hakuna maktaba? Ulizia kwanza. Baadhi ya shule zina vitabu, ila vimefungiwa kabatini kwa kuogopa watoto watavichana. Lisemeni kwenye kikao cha wazazi, mjitolee kusimamia kwa zamu, mkeka mmoja chini ya mwembe unatosha kuanzia. Kikichanika kitabu, gundi ipo dukani.