Barua kwa Mwanangu: Kile Kisanduku cha Kwenye Fomu

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu: usiku nikiwa zamu, asubuhi kwenye daladala, na sasa hapa mezani. Unauliza, "Mama, fomu ya chuo inataka niseme kama nina ulemavu. Nikisema ndiyo si watanikata? Baba anasema nijaze hapana, nikishaingia ndiyo nijieleze. Wewe unasemaje?" Halafu mwishoni, kama mtu anayepita njia tu, ukaongeza kwamba udaktari umeuacha, unajaza famasia.

Umeuliza moja, lakini mimi naona ni mawili. Na kwa kuwa simu haijawahi kuwa kitu chetu, acha niandike kwa kirefu kama tulivyozoea.

Jaza ndiyo. Hilo la kwanza, usilale nalo tena.

Sababu zake ni ndefu kidogo, na nyingine ni za aibu yangu mwenyewe. Unajua habari ya ile homa ya uti wa mgongo, umeisikia kwa bibi. Hujui ya sahani. Ulikuwa na miaka sita. Homa ilipokuacha uliamka ukaomba uji, nikakujibu kwamba unapoa, ukaomba tena, nikajibu, ukaomba tena huku umenuna, kama mtu anayepuuzwa. Nikasimama nyuma yako, nikaangusha sahani ya bati sakafuni. Mgonjwa wa kitanda cha tatu alishtuka. Wewe uliendelea kukunjakunja shuka. Mimi ni muuguzi, mwanangu, nilijua pale pale. Baadaye kipimo kilikuja kusema sikio la kushoto hakuna kitu, la kulia linaanza kusikia kwenye desibeli 65, yaani mtu akiongea kawaida mezani wewe unapata makombo.

Wakati ule Muhimbili hawakuwa wameanza kupandikiza vifaa vya kusikia. Walianza mwaka 2017, na sikio lililopigwa na uti wa mgongo halisubiri, kwa sababu mfupa unaweza kuota ndani ya koklea, ile konokono ya ndani ya sikio, na kuziba njia. Kwa hiyo tukabaki na shimesikio, kile kifaa cha sikioni cha kukuza sauti, na kusoma midomo ya watu.

Midomo, nayo, ina hila zake. Unakumbuka shangazi yako alipokutuma umwite mama, ukakimbia hadi shambani kumwita baba? Alidhani unamfanyia mzaha. Siku hiyo nilisimama mbele ya kioo nikasema mama, baba, papa, polepole, bila sauti. Midomo inafunga na kufunguka vilevile. Nililia, halafu nikacheka, kwa sababu nilikuwa nasema "papa" peke yangu chumbani kama kichaa.

Sasa aibu yangu. Tulipohamia huku nilikupeleka kuandikishwa shule. Mwalimu mkuu akaniuliza swali lilelile la kwenye fomu yako: "Mtoto hana tatizo lolote?" Nikasema hana, ni mafua tu humziba masikio mara mojamoja. Niliogopa. Kule tulikotoka waliniambia mtoto wa namna yako apelekwe shule ya bweni ya viziwi, mkoa mwingine. Shule hizo zimesomesha watoto wengi na wala sizitukani, lakini ulikuwa na miaka saba, na kichwani mwangu kusema ukweli kulikuwa sawa na kukupakia kwenye basi.

Muhula ule ulikaa dawati la nyuma. Mahudhurio yakiitwa huitiki. Ukachapwa kwa kiburi, zaidi ya mara moja, na wewe hukuniambia kwa sababu hukujua unachapwa kwa nini. Habari niliipata kwa mtoto wa jirani, anasimulia kwa kujivunia kwamba yeye hajawahi kuchapwa. Ripoti ilipokuja ulikuwa wa 61 kati ya 64, wewe uliyekuwa unasoma magazeti ya kufungia vitumbua kabla hujaanza darasa la kwanza.

Nilirudi nikasema ukweli. Mwalimu yuleyule mwenye fimbo akaniuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Sikuwa na jibu. Akakuhamishia mbele, upande wa sikio la kulia, na akajizoeza kumaliza kuandika ubaoni kwanza, ndipo ageuke aongee. Muhula uliofuata ulikuwa wa 22. Mtoto hakubadilika, kilichobadilika ni dawati. Fimbo zile alizichapa yeye, lakini nilizikata mimi.

Kwa hiyo baba yako anaposema ujieleze ukishaingia, namwelewa, anakupenda na anaijua dunia ya kuomba kazi. Ila chuoni hakuna atakayeleta ripoti nyumbani. Ukumbi una wanafunzi mia na zaidi, taa zimezimwa ili projekta ionekane, mhadhiri anaongea akiitazama slaidi. Wodini ndiyo balaa zaidi. Raundi inatembea, daktari yuko mbele, amevaa barakoa, anaongea na faili. Usipopata utabaki kuomba daftari za wenzako, na rafiki wa kuazima daftari ana wiki zake za mitihani naye.

Unaogopa watakukata. Uchaguzi unaangalia Fizikia, Kemia na Biolojia zako, na hizo ulizipata kwa jasho, hakuna aliyekuonea huruma. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, namba 9 ya mwaka 2010, inakulinda usibaguliwe, na nchi ilikuwa imesharidhia mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka mmoja kabla yake. Sitakudanganya kwamba sheria inafika kila mahali. Atakuwepo wa kukutilia shaka, pengine mtu wa heshima zake. Lakini huyo atakutilia shaka hata ukificha, na akikugundua mwezi wa tatu atakuita mwongo juu ya kiziwi.

Neno kiziwi baba yako halipendi, anasema "asiyesikia vizuri". Wenyewe chama chao wamekiita Chama cha Viziwi Tanzania na hawaoni haya. Wewe jiite utakavyo, ila kwenye fomu usipambe.

Na kisanduku hicho si cha kujieleza tu. Bodi ya Mikopo nayo inauliza ulemavu wa mwombaji, na inataka fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu, yenye muhuri. Ukijaza hapana chuoni na ndiyo Bodini umejitia kwenye maelezo mawili, na karatasi siku hizi zinakutana.

Umeniandikia kwamba chuo chenyewe kinajiita jumuishi. Vizuri. Mimi neno hilo naliheshimu likishuka hadi kwenye kengele. Uliza kengele. Kwenye mitihani ya vitendo mnapangwa kwenye vituo, kengele inalia mnahama, ikilia tena mnahama. Mwanafunzi mmoja wa mazoezi kwenye wodi yetu, miaka ya nyuma, alikuwa na shida kama yako na alikuwa ameificha. Alikosa kituo kizima kwa sababu alibaki anafunga bandeji vizuri wakati wenzake wameshaondoka. Msimamizi akadhani ni mzito. Mtu wa kumgusa bega angetosha, au taa ya kuwaka, gharama yake ni ndogo kuliko ya keki ya mahafali. Alimaliza, siku hizi ni muuguzi, lakini mwaka ule aliurudia.

Uliza pia ofisi ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu ina mtu, au ina mlango tu wenye kibandiko. Vyuo kama Dar es Salaam na Dodoma vina vitengo hivyo, kwa hiyo si ombi la ajabu. Mkalimani wa lugha ya alama akiwepo mshukuru Mungu, lakini wewe alama umejifunzia sekondari kwa marafiki, na mkalimani akifika kwenye majina ya dawa atabaki anakutajia herufi moja moja kwa vidole mpaka mhadhiri awe ameshafika ukurasa mwingine. Kwako la kwanza ni maandishi: slaidi upewe siku moja kabla, uende ukiwa umeshayaona majina. Midomo inasomeka ukijua inakwenda kusema nini. Hilo umenifundisha wewe. Liandike hivyo hivyo kwenye sehemu ya maelezo: nahitaji kiti cha mbele, slaidi mapema, taarifa za mtihani kwa maandishi, ishara badala ya kengele. Usiandike "msaada". Mtu akisoma "msaada" anakusanya mchango.

Haya, famasia.

Famasia ni kazi nzuri, miaka 4, iwe Muhimbili, iwe Bugando, na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini baada ya hapo. Kama umeipenda yenyewe, kwa sababu Kemia ndiyo somo lako tangu kidato cha tatu, sina neno. Ila nimekuwa nikijiuliza kama umeichagua kwa sababu haina stetoskopu, ule mpira wa daktari wa kusikilizia kifua. Kwamba utakaa nyuma ya kioo na rafu za dawa, vyeti vya dawa vinakuja vimeandikwa, hakuna wa kukugundua.

Njoo nikuonyeshe dirisha letu la dawa saa sita mchana. Kioo, na kwenye kioo tundu la ukubwa wa kisahani. Feni inapiga kelele. Mama ana mtoto mgongoni anayelia, na anachotaka kuuliza ni cha siri, kwa hiyo anainamisha kichwa na kunong'ona kwenye kanga. Nyuma yake mzee anadai yeye ana bima. Bima na pima, mwanangu, midomoni ni neno moja. Wewe utamwelekeza maabara. Nacheka, lakini ndiyo hali ilivyo, na mfamasia ndiye wa mwisho kumweleza mgonjwa ameze ngapi na lini. Pale kusikia kunahitajika kama wodini. Kwa hiyo kama ni kujificha, famasia haina uvungu.

Na kama udaktari ndio uliokuwa moyoni, kuna mama mmoja nataka umjue. Nilisimuliwa habari zake na daktari mmoja kijana usiku wa zamu, nikaja kuzisoma. Helen Taussig, daktari wa moyo wa watoto, hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani. Masikio yalimwishia akiwa bado daktari kijana. Akawa anasoma midomo, na moyo wa mtoto akawa anausikiliza kwa viganja. Anaweka mkono kifuani, taratibu, anapata mtetemo ambao wengine walikuwa wanautafuta kwa mpira masikioni. Watoto waliokuwa wanakuwa bluu kwa kukosa hewa kwenye damu, yeye ndiye aliyefikiria kwamba wakiongezewa njia ya damu kwenda mapafuni watapata nafuu. Mwaka 1944 daktari mpasuaji Alfred Blalock alimfanyia mtoto upasuaji huo, na Vivien Thomas, fundi wa maabara aliyeujaribu kwanza kwa wanyama, akisimama nyuma yake kumwelekeza. Siku hizi kuna stetoskopu za umeme zinazokuza sauti na nyingine zinachora mapigo kwenye skrini, na presha mashine inasoma yenyewe.

Sikusukumi urudi kwenye udaktari. Mimi mwenyewe nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi, najua zipo saa ambazo kusikia haraka kunaokoa mtu, na siwezi kukuambia kwamba utakuwa sawa kila saa. Nakumbuka tu ulipokuwa na miaka tisa, mimi nina mimba ya mdogo wako. Nilikuwa na ile fetoskopu ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, na wewe ukaing'ang'ania. Ukaiweka sikioni, la kulia, hukupata kitu. Ukaitupa kitandani, ukaweka kiganja. Ukasema, "Amenisukuma." Halafu ukakaa pale kama nusu saa, unaniambia mgongo uko upande gani. Na ulikuwa sahihi, upande wa kushoto, mimi nilikuwa nimeshapapasa.

Basi chagua, ukiniambia famasia nitanunua koti jeupe la famasia.

Jumamosi sipo zamu, nakuja. Fomu ya Bodi nimeshaichapisha, iko kwenye bahasha ya kaki pamoja na kile kipimo cha masikio cha mwaka jana, tutaipeleka kwa mganga mkuu Jumatatu asubuhi kabla foleni haijawa ndefu. Betri za shimesikio nimekupatia pakiti mbili, zile ndogo za punje ya dengu, zimepanda bei tena. Usizifungue mapema kama ulivyofanya mwezi uliopita, zikibanduliwa kile kibandiko zinaanza kuisha hata usipozitumia.

Baba yako amesoma barua hii juu ya bega langu. Amesema "haya", kisha akaenda kulisha kuku ambao nilikuwa nimeshawalisha.

Mama yako