Kabla hujapeleka milioni tatu dukani, piga kofi sebuleni kwako

Mkuu, usitume hiyo hela. Hata ya kushikia mzigo usitume.

Kwa waliorukia huku chini bila kusoma bandiko: mleta mada ana milioni tatu, sabufa yake imeanza kumchosha, anataka kusikia "kila chombo mahali pake". Mzee wake anapenda taarab na dansi za zamani. Kuna jamaa kamshauri achukue amplifaya na spika zilizotumika kutoka nje ya nchi, na juu yake kamuongezea waya maalumu wa laki nne pamoja na daki (DAC, kile kifaa cha kugeuza mziki wa kidijitali wa simu uwe sauti ya kupeleka kwenye amplifaya). Mleta mada kauliza pia kuhusu mashine ya santuri, bluetooth na brandi gani inadumu. Halafu katikati ya maelezo kachomeka sentensi ambayo wachangiaji wote wameiruka: "sebule yangu ina vigae, nikiongeza sauti maneno yanagongana kidogo."

Mkuu, ugonjwa wako umeutaja mwenyewe, halafu watu wanakuandikia dawa ya ugonjwa mwingine.

Leo usiku zima feni, zima tivi, simama katikati ya sebule upige kofi moja kali. Likilia "pa" likakatika, achana na mimi, soma komenti za wengine. Ila ukisikia baada ya kofi kuna kimlio chembamba kinachotetemeka, kama waya wa senyenge uliogongwa na jiwe, basi hakuna spika duniani itakayokusaidia kabla hujakishughulikia hicho. Ukuta wa tofali za saruji uliopigwa lipu laini, vigae chini, jipsamu juu, dirisha la alumini lenye kioo kikubwa: kila kitu humo kinarudisha sauti. Kwenye chumba cha futi 14, sauti inakwenda ukutani na kurudi kwa kama milisekunde 25, inarudia tena, na tena, huku mwimbaji ameshafika neno la tatu. Ndiyo hayo maneno yanayogongana.

Sasa ngoja niwaambie kilichonikuta, mcheke kidogo, si mbaya.

Nilikuwa na sabufa ya kawaida ya Kariakoo, ile ya boksi moja na vispika viwili vya plastiki. Nikapelekwa kwa bwana mmoja anayeuza "sauti ya ukweli". Chumba chake cha kusikilizia kina zulia mpaka kwenye kona, mapazia mazito toka juu mpaka chini, makochi ya kitambaa, na rafu ya vitabu ambavyo nadhani hata hajavifungua. Akanikalisha, akaweka taarab. Mkuu, mwimbaji alikuwa pale! Kushoto violini, upande wa kulia kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab), hata pumzi yake kabla ya beti unaisikia. Nikatoa hela. Sikuuliza hata kama bei inapungua, mimi ninayebishana na muuza nyanya.

Nimefika nyumbani, nimefunga, nimewasha. Mwimbaji yuleyule sasa yuko bafuni. Kelele za juu zinachoma, besi inavuma "uuuu" moja kwa kila noti. Nikampigia yule bwana. Jibu la kwanza: spika bado mpya kwako, zipe masaa mia zizoee. Zizoee nini, wakati kazitoa kwa mtu ambaye alizitumia miaka? Lakini wakati huo nilikuwa mwanafunzi mtiifu, nikaacha redio inaimba mchana kutwa nyumba haina mtu. Majirani wakadhani tumehama tukasahau kuzima.

Hakuna kilichobadilika. Akasema tatizo ni waya. Nikanunua waya. Akasema tatizo sasa ni daki ya simu, ni dhaifu. Nikanunua daki. Akasema umeme wa mtaani kwenu mchafu, kuna kisafisha umeme. Mkuu, nilinunua kisafisha umeme! Shemeji yenu alipouona ule waya, mnene, mweusi, una mishale ya kuonyesha umeme upite upande gani, akauliza kwa upole kabisa kama na kupika unapika. Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu. Ukijumlisha hivyo vikorombwezo vyote, vimepita bei ya spika zenyewe, na mwimbaji bado yuko bafuni.

Kinachoniuma si hela peke yake. Kinachoniuma ni kwamba yule bwana alikuja mpaka kwangu. Alikaa sebuleni, akanywa chai, akageuza geuza shingo akisikiliza. Yeye ndiye aliyefunika chumba chake chote kwa mazulia, kwa hiyo anajua fika kinachotokea kwenye chumba kitupu. Angeweza kusema "ndugu, weka zulia na pazia kwanza". Tatizo hauzi mazulia. Na wale wa kwenye magrupu waliokuwa wananiandikia "daki yako bado ya kitoto, panda daraja" nao wamo, kila mtu alikuwa na kifaa anachotaka kukiondoa kwake.

Jibu lilikuja lenyewe. Kulikuwa na sendoff ya mdogo wake shemeji yenu, wageni wakajaa, magodoro yakatandikwa sebuleni. Asubuhi yakasimamishwa ukutani, mengine yakalazwa nyuma ya kochi ili watu wapite. Mtu akaomba mziki, nikawasha bila kutegemea lolote. Sauti ikatoka safi. Nikafikiri nimebonyeza kitu. Maneno yanasikika, kanuni iko kulia, bafu limeondoka. Waya uleule, daki ileile, na nilipochomoa kile kisafisha umeme tofauti haikuwepo hata chembe. Magodoro yalipoondoka na wageni, mwimbaji akarudi bafuni.

Kwa hiyo kanuni yangu ndiyo hiyo, na nitairudia mpaka mods wanifungie: chumba kwanza. Spika baadaye. Hayo mengine ukibakiwa na chenji.

Utafanyaje? Zulia nene, si la plastiki, likae kati ya spika na unapokaa. Pazia zito lenye mikunjo mingi, na lisifunike dirisha tu, lisambae ukutani. Kisha nenda kwa fundi makochi, si kwa muuza redio, akutengenezee fremu za mbao za futi nne kwa mbili, ndani aweke sponji la inchi nne, juu avalishe kitambaa. Kitambaa kichague hivi: kiweke mdomoni upulize, pumzi ikitoka upande wa pili kinafaa, ikigoma mrudishie. Rexine na ngozi hazifai hapo. Fremu moja weka kwenye kila ukuta wa pembeni, pale ambapo mtu akipitisha kioo cha kujitazamia ukutani, wewe uliyekaa unaiona spika ndani yake. Nyingine nyuma ya kichwa chako. Sponji linashika moto haraka sana, zikae mbali na soketi na jiko. Na trei za mayai acheni jamani, hazifanyi kitu chochote zaidi ya kukusanya vumbi na mende.

Besi ni kesi nyingine, zulia haliigusi. Hapa vipimo vya chumba ndio vinaamua. Sebule yangu ni mraba, 14 kwa 14, na mraba ni kati ya maumbo mabaya kabisa kwa sababu urefu na upana vinavuma noti moja. Kwa futi 14 mvumo huo unaangukia karibu hertz 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, ni hertz 41. Unaona balaa? Kila mpiga besi akirudi kwenye ule uzi, ukutani kwangu panatetemeka, na katikati ya chumba noti hiyohiyo inapotea. Niliwahi kumlaumu mpiga besi wa watu, marehemu wa watu, kumbe ni kochi langu limegusa ukuta.

Tiba yake ni bure ila inaaibisha. Iweke sabufa pale pale unapokaa, juu ya kochi, washa wimbo wenye besi inayotembea, kisha wewe utambae pembeni mwa kuta ukiwa na masikio usawa wa chini. Pale utakaposikia kila noti ina uzito sawa, ndipo sabufa ikae. Funga mlango kwanza. Mimi sikufunga, mtoto wa jirani akaenda kutangaza kwamba baba fulani anatafuta hela chini ya meza.

Wapo watakaokuja hapa kusema huyu masikio yake ya kuku, hasikii tofauti ya waya. Sawa. Mtafiti wa sauti Floyd Toole alipokuwa kwenye taasisi ya taifa ya utafiti ya Kanada, aliwaficha watu spika nyuma ya pazia, wakawa wanachagua kwa masikio tu bila kuona jina wala bei. Walichopenda wengi ni spika inayotoa sauti zote kwa usawa, bila kurusha besi juu wala kuchoma. Mwaka 2007 kuna majaribio ya Boston yalichapishwa kwenye jarida la wahandisi wa sauti: watu, wakiwemo wa kazi za kurekodi, walichezewa diski za ubora wa juu, halafu zilezile zikapitishwa kwenye kiwango cha CD ya kawaida. Kutofautisha kwao kukawa sawa na kurusha sarafu. Sasa wewe unataka kwenda kubishana na daki kwa nyimbo za YouTube ambazo mtu alizinasa kutoka redioni kwa kaseti? Hizo za RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam ya zamani) anazopenda mzee, bendi nzima ilikuwa inapiga kwa mkupuo. Uzuri wake uko kwenye sauti ya mtu na magitaa, pale pale kati ya besi na sauti kali za juu, ambapo vigae vinaharibu zaidi.

Waya: nenda duka la vifaa vya umeme, omba ule wa shaba wa 2.5, ule wa soketi, lakini wenye nyuzi nyingi laini. Kwa mita tatu au nne umemaliza. Angalia tu chanya na hasi usikosee pande mbili, ukigeuza moja besi itapotea na utaanza kutafuta daki.

Sabufa nayo tusiitukane sana. Ina tatizo lake, vile vispika vidogo haviwezi kushuka chini mpaka vikutane na boksi, kwa hiyo sauti ya mwanaume inabaki na shimo katikati. Na zile namba za boksini, "5000W PMPO", ni chai. Igeuze nyuma usome kile kibandiko: AC 220-240V, 60W. Kitu kinachokula wati 60 kitakutolea wapi elfu tano? Lakini sabufa ya laki mbili kwenye chumba chenye zulia na pazia itaishinda milioni tatu yako kwenye hicho chumba cha vigae. Hilo nimelisikia kwa masikio haya, maana sabufa yangu ya zamani niliirudisha sebuleni baada ya fremu kufungwa, na shemeji yenu akauliza kwa nini tulinunua zile nyingine. Sikujibu, nikaenda kumwagilia maua.

Ukishafanya chumba na bado moyo unataka spika, kaitazame bajeti upya. Zisikilize kwako, kwa nyimbo zako, muuzaji akikataa kukuazimisha hata kwa jioni moja, mwache na mazulia yake. Amplifaya ikiwa imetoka Japani pindua usome, ikiandikwa 100V usichomeke kwenye soketi yetu ya 230 bila transfoma ya kushusha, itakufa kabla haijaimba.

Piga kofi, kisha rudi hapa uandike urefu, upana na kimo cha sebule kwa futi, na picha kochi lilipo. Na huyo jamaa wa waya wa laki nne muulize sebule yake ina zulia aina gani.