Mpiga piano kumiliki klabu yake: Ahmad Jamal, na miezi yangu 14 Tanga

Ndugu aliyeanzisha uzi huu ameuliza kama mpiga piano anaweza kuacha kupiga katika hoteli za watu akafungua ukumbi wake wa jazi, na kama ukumbi huo unaweza kuendelea bila kuuza pombe. Nimelijaribu jambo hilo Tanga kwa miezi 14, nikashindwa. Kabla ya kuanza nilikuwa nikijipa moyo kwa habari za Ahmad Jamal, mpiga piano wa jazi, ambazo, kwa bahati mbaya, sikuzisoma hadi mwisho.

Jamal alizaliwa Pittsburgh, Marekani, mwaka 1930 kwa jina la Frederick Russell Jones, akasilimu na kubadili jina mwanzoni mwa miaka ya 1950. Januari 1958, yeye pamoja na Israel Crosby kwenye besi na Vernel Fournier kwenye dramu walirekodiwa wakipiga mbele ya wateja katika hoteli ya Pershing, Chicago. Santuri iliyotokana na usiku ule ilikaa katika orodha ya zinazouzwa sana kwa zaidi ya wiki 100, jambo lisilo la kawaida kwa muziki usio na mwimbaji. Ukitaka kujua kwa nini, sikiliza Poinciana, kibao cha dakika zaidi ya nane: mkono wa kulia unagusa noti chache, kisha unaondoka, na besi na dramu zinaendelea kutembea peke yao huku msikilizaji akingoja. Miles Davis, mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi, aliipenda mno namna hiyo ya kuacha nafasi, wala hakuificha.

Fedha za santuri hiyo ndizo zilizofungua klabu. Mwaka 1959 Jamal alizuru Afrika Kaskazini, na aliporejea Chicago akafungua mgahawa na klabu aliyoiita Alhambra, jina la kasri la Waislamu lililoko Granada, Hispania. Pombe haikuuzwa humo. Mwaka 1961 alirekodi santuri ndani ya ukumbi huo, na kabla mwaka huo haujaisha ukumbi ulikuwa umefungwa. Mwaka uliofuata bendi ilivunjika, Crosby na Fournier wakaenda kwa mpiga piano mwingine, George Shearing, Crosby akafariki mwaka huohuo, na Jamal akahamia New York, ambako alikaa miaka kadhaa karibu nje kabisa ya jukwaa.

Sehemu hiyo ya pili ndiyo niliyoiruka. Mimi nilikuwa na nyumba ya mirathi yenye sebule kubwa, ambayo mama mkubwa alikubali kunipangisha kwa sharti moja tu, kwamba kileo kisivuke kizingiti. Nilikubali bila kusita, kwa kuwa nami sinywi, na nikaona kwamba nimeokota kisa cha Jamal kikiwa kizima. Tuliweka viti 60, jiko la mishkaki uani, chai ya tangawizi, kahawa na juisi ya ukwaju.

Katika ukumbi wa kawaida, baa ndiyo inayolipa wapiga muziki. Bia huhifadhika, haihitaji mpishi, na anayekunywa huagiza tena bila kuombwa. Mteja wangu aliagiza kikombe kimoja cha chai saa mbili usiku akakaa nacho hadi saa tano, akisikiliza kwa adabu ambayo sijaiona katika hoteli yoyote niliyowahi kupiga. Siwezi kumlaumu, kwa maana huyo ndiye msikilizaji niliyemtaka. Ijumaa moja viti vyote vilipojaa, kaunta iliingiza shilingi 214,000. Mpiga besi na mpiga dramu walichukua 80,000, nyama, mkaa na sukari 70,000, wahudumu 40,000. Zilizobaki, 24,000, zilingojewa na kodi, umeme na piano.

Piano nayo ilikuwa mgonjwa wa kudumu. Niliinunua ikiwa imetumika, ya kuegemeza ukutani, na masika yalipoingia mbao zilivimba, vibonyezo vitatu vya katikati vikawa vikishuka havirudi. Fundi mmoja mzee alinishauri niwashe balbu ya wati 25 ndani ya kasha, chini karibu na kanyagio, ili joto lifukuze unyevu. Ilisaidia, ingawa kila umeme ulipokatika nilijua kwamba kesho yake nitapiga nikikwepa noti tatu.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni upigaji wenyewe. Unapoacha nafasi katikati ya wimbo, sikio halikai kimya, linatafuta kitu, nami sikio langu lilikwenda kaunta, kuhesabu sarafu na kusikia kama jokofu limezimika. Taratibu nikaanza kuzijaza nafasi zote kwa noti, hadi mpiga besi akaniuliza ninamkimbia nani.

Jamal alirudi jukwaani katikati ya miaka ya 1960 akiwa na Jamil Nasser kwenye besi, akaendelea kupiga na kurekodi kwa zaidi ya nusu karne, na alipofariki Aprili 2023 alikuwa na miaka 92. Mimi nimerudi kupiga hotelini siku nne kwa wiki, na ninalala vizuri.

Kwa hiyo, ndugu, kama bado umedhamiria, uza kiti mlangoni, wala usitegemee kikombe. Wasikilizaji wangu 60 wangelipa shilingi 5,000 kila mmoja ili kuingia. Kadhaa waliniambia hivyo nilipokuwa nikiwagawia viti vya kuondoka navyo. Kaunta mkabidhi mtu mwingine, tena ikae mbali na piano, na usinunue piano kabla hujaona paa la nyumba hiyo wakati wa masika.