Mashine ya ioni isichukue nafasi ya dawa

Pole sana, ndugu yangu. Umeuliza kama mashine ya ioni hasi, yaani kifaa kinachotoa hewani chembe ndogo sana zenye chaji hasi ya umeme, itakutoa kwenye sonona ili uachane na dawa, na umesema kichwa huwa kizito ukijifungia chumbani. Dawa usiache, tafadhali. Ukizikatisha ghafla unaweza kurudi nyuma vibaya.

Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2013 haukuona ioni zikisaidia wasiwasi wala usingizi. Kwa sonona nafuu ilionekana, ikiwemo ile inayowapata watu majira ya baridi, na zaidi kwa mashine zenye kiwango kikubwa cha ioni. Baadhi ya mashine pia hutoa gesi ya ozoni, ambayo huwasha koo na kuumiza mapafu. Mwenye pumu akae nazo mbali.

Hilo la kichwa kuwa kizito ndilo ningelishughulikia kwanza. Fungua madirisha ya pande mbili hewa ipite. Kama nje kumejaa moshi, funga na utumie kisafisha hewa chenye kichujio cha HEPA, kinachonasa vichembe vidogo sana, maana vile vichembe vidogo vya moshi vimehusishwa na sonona katika tafiti nyingi.

Na fikra za kujidhuru zikikujia, usisubiri miadi: mwambie mtu wako wa karibu akupeleke hospitali siku hiyohiyo.