Mtoto Hajaanza Kuongea? Anza na Masikio

Juzi mama mmoja wa Pipeline ameniandikia: binti yake ametimiza miaka miwili, anasema "mama" na "nyonyo" tu, na majirani wanamwambia angoje. Dada yangu, usingoje.

Mimi pia niliambiwa ningoje. Mama mkwe alisema, "Hata baba yake alichelewa, na leo nani anaweza kumnyamazisha?" Shangazi mmoja alitaka mtoto apelekwe nyumbani akatwe kimio. Nikakataa katakata, na sijuti: kukata kimio hakumfundishi mtoto kuongea, kunamletea damu na maambukizi. Lakini lililoniuma zaidi lilitoka kwa mwalimu wa chekechea, mbele ya wazazi wengine: "Mama, huyu wako ni mkaidi. Anaitwa, haitiki."

Mkaidi! Mtoto alikuwa hasikii vizuri. Mfuniko wa sufuria ukianguka alishtuka, ndiyo maana kila mtu aliapa kwamba anasikia. Ila nikimwita kwa sauti ya kawaida akiwa amenipa mgongo, kimya. Daktari wa masikio, pua na koo alikuta majimaji nyuma ya ngoma za masikio, mabaki ya mafua yasiyokwisha. Maneno yalimfikia kama ya mtu anayeongea chini ya maji. Mara nyingi majimaji hayo hukauka yenyewe baada ya miezi kadhaa. Yake yalikataa, akawekewa vijibomba kwenye ngoma za masikio ili yatoke. Kisha tukaanza kwa mtaalamu wa tiba ya usemi.

Nilitarajia dawa. Mtaalamu aliketi sakafuni, akapuliza povu la sabuni, akafunga chupa, akamtazama mtoto. Akangoja. Mimi moyo ulikuwa unanidunda. Mwishowe: "Tena!" Nililia pale pale, na leo kijana huyo ndiye anayeongoza sala darasani. Mwalimu yule na asikie.

Basi, wazazi, tuwe macho. Mwaka mmoja bila kubwabwaja wala kuonyesha kitu kwa kidole. Mwaka na nusu bila neno. Miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili kama "mama njoo": nenda. Akipoteza maneno aliyokuwa nayo, nenda hata kama ni mchanga kuliko hapo. Na msilaumu Kikuyu, Kiswahili na Kiingereza kuchanganywa nyumbani, lugha nyingi hazimfanyi mtoto bubu. Muulize "maji au maziwa?" kisha ungoje. Akisema "gari," mwambie "gari kubwa." Zima televisheni, ongea naye. Ongea naye, nasema tena.

Mama wa Pipeline, beba kijitabu cha kliniki, omba barua ya rufaa ya kupimwa masikio. KISE, taasisi ya elimu maalum kule Kasarani, Nairobi, pia hupima watoto. Wakikwambia urudi baada ya mwaka, kaa hapo hapo kwenye benchi mpaka barua iandikwe.