Maswali ya udahili: pointi nne, AVN na majina yasiyolingana

Wiki hii maswali yametoka Kasulu, Ujiji, Mwanga, Gungu, hadi Kakonko. Mengine yalikuwa marefu kama barua ya posa, nimeyafupisha.

Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita HKL: Historia D, Kiswahili E, Kiingereza E, GS (General Studies) nina C. Nikijumlisha napata pointi 4 na GS sijaigusa, lakini chuo kimenikataa kozi ya ualimu. Ni upendeleo? (Kijana, Kasulu)

Marahaba. Hakuna upendeleo hapo, ni hesabu tu. Kiwango cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kwa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4.0, na pointi hizo zinatoka kwenye masomo mawili yanayohitajika na kozi uliyoomba, si kombi nzima. A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na S, yaani subsidiari, nusu. Chukua masomo yako mawili bora: D na E, pointi 3. Ile E ya somo la tatu haikuongezei kitu. GS nayo haihesabiwi hata ungepata A.

Kwa hiyo mwenzako mwenye D mbili na F moja anaingia, na wewe uliyefaulu yote matatu unabaki nje. Inauma, lakini ndiyo kanuni, na kila mwaka inawakuta watu wale wale waliojumlisha kombi nzima. (Waliomaliza 2014 na 2015 wana mizani yao, ambako C ndiyo yenye pointi 2. Wasitumie hii.)

Sasa ufanyeje? Njia zipo tatu. Ya kwanza ni kurisiti, yaani kurudia mtihani. Ya pili ni Foundation, yaani kozi ya maandalizi, ya Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo hapa Kigoma: wanapokea mwenye pointi 1.5 kutoka masomo mawili ya kidato cha sita, ukimaliza kwa GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 unaomba shahada. Ya tatu ni stashahada: kwa prinsipo moja na subsidiari moja unaweza kuanzia ngazi ya 5 ya tuzo za elimu ya ufundi (NTA), halafu nako utafute GPA ya 3.0.

Mimi ningerisiti, kwa sababu hukukosa sana. E inaishia alama 49 na D inaanzia 50. Ila usirisiti kwa kubahatisha. Ualimu unataka ufaulu kwenye masomo mawili utakayofundisha, hivyo amua kwanza utafundisha nini, ndipo ujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hapo ndipo wengi wanapokwama hata wakiwa na pointi nne: kiwango cha TCU kinakufikisha mlangoni, lakini kila kozi ina vigezo vyake, na vimeandikwa kwenye mwongozo wa udahili kozi kwa kozi. Kausome mstari wa kozi yako kabla ya kulipa ada ya maombi.

Mwanangu ana stashahada ya uuguzi, GPA 3.1. Anaomba shahada, mfumo unadai AVN. Ni nini hiyo? (Mama, Mwanga)

Mama, ni namba ya uhakiki wa tuzo inayotolewa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Mwenye stashahada haombi shahada bila hiyo namba. Anaiomba kwenye mfumo wao mtandaoni. Ikigoma, mara nyingi ni kwamba chuo alichosoma hakijawasilisha matokeo yake, basi awasumbue chuoni, asisumbuke na NACTVET. Na aangalie kidato cha nne: D nne zinahitajika pamoja na hiyo GPA.

Nina D nne kidato cha nne: Kiswahili, Baiolojia, Kemia na Elimu ya Dini ya Kiislamu. Naomba utabibu. (Msomaji, Ujiji)

Kwa astashahada na stashahada za NACTVET masomo ya dini hayahesabiwi, ya Kiislamu wala ya Kikristo. Una tatu. Na utabibu unataka Fizikia pamoja na hizo Baiolojia na Kemia, kwa hiyo risiti Fizikia na utakuwa umeziba matundu yote mawili kwa mtihani mmoja.

Cheti cha kuzaliwa cha mwanangu kinasema Hamisi, cha kidato cha nne Hamis, na kitambulisho cha NIDA kina jina la babu ambalo shuleni hakuliandikisha. Anataka kuomba mkopo. (Baba, Gungu)

Hili ndilo linalonichosha kuliko yote, maana mtoto ana alama zake safi na anakwama kwa herufi moja. Mwalimu wa darasa la saba aliandika alivyosikia, jina likasafiri hivyo hivyo mpaka kidato cha nne, na nyumbani hakuna aliyelikagua.

Usianze na Baraza la Mitihani (NECTA). Jina alilosajiliwa nalo kwenye mtihani ndilo la kushikilia, nyaraka nyingine ndizo zilifuate. Kwa tofauti ya herufi na jina la babu, nenda kwa wakili au mahakamani mkapate hati ya kiapo inayotamka kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja, na iyataje yote yalivyoandikwa, herufi kwa herufi. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), basi uhakiki huo uanze mapema. Foleni yake hujaa dirisha la mkopo likishafunguliwa.

Na nyinyi ambao watoto wenu bado hawana cheti cha kuzaliwa: mnapojaza fomu, wekeni cheti cha shule mezani na mnakili jina kutoka pale. Msijaze kwa kumbukumbu.

Binti yangu amesoma sekondari Bujumbura, tumerudi. Cheti chake kinafaa? (Mama, Kakonko)

Kinafaa, ila chuo hakitakipokea kikavu. Matokeo ya sekondari ya nje yanapitia NECTA kwa ajili ya ulinganifu. Cheti kiko kwa Kifaransa, kwa hiyo tafsiri rasmi iandaliwe. Fanyeni hivyo kabla dirisha la udahili halijafunguliwa.

Niko mwaka wa kwanza, nasoma uhasibu. Mbona nalazimishwa DS (masomo ya maendeleo) na stadi za mawasiliano? Si kupoteza muda? (Mwanachuo, likizoni Kigoma)

Mdogo wangu, kwa kanuni huna pa kukwepea. Shahada ya miaka mitatu inahesabiwa krediti 360, kila krediti saa 10 za kazi, kusoma mwenyewe kukiwamo, na masomo hayo ni sehemu ya hesabu. Ukifeli DS utarudia DS, hata kama uhasibu una A tupu.

Kama yanafaa? Stadi za mawasiliano, ndiyo, bila shaka. Nimesoma barua za maombi ya kazi za wahitimu wetu. DS inategemea anayefundisha, na ukumbi wa watu mia kadhaa hausaidii. Lakini mhasibu atakayefunga hesabu za halmashauri ni vizuri akajua fedha za maendeleo zinatoka wapi na kwa masharti ya nani.

Nimechaguliwa vyuo viwili. Nifanye nini? (Dada, Kibirizi)

Thibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu uliyojaza, kabla ya tarehe ya mwisho. Tatizo ni kwamba wengi wenu mliombewa steshenari na mwenye duka akajaza namba yake. Kama ndivyo, nenda kwake leo.