Nilivuta karatasi ya bahati hekaluni Kyoto: je, nimetoka katika Uislamu?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni binti wa Tanga, nasomea shahada ya uzamili mjini Kyoto, Japani. Profesa wetu na wenzangu wa maabara walinichukua kupanda mlima wa Fushimi Inari, penye hekalu lao kubwa. Sikuinama wala kuomba chochote. Lakini nilinawa kwenye birika lao kama walivyonawa, nikatumbukiza sarafu sandukuni, kisha nikavuta karatasi ya bahati. Yangu ilitoka mbaya: masomo yatakwama. Wakanionyesha pa kuifunga ili mkosi ubaki palepale, nikaifunga. Tangu siku hiyo sina raha, na mtihani unakaribia. Mtu ameniambia sala zangu hazipokelewi siku arubaini. Je, nimetoka katika Uislamu? Nilikosea kupanda mlima ule? Na hirizi ya kufaulu mtihani aliyonipa profesa niifanyeje?

JAWABU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullahi wa barakaatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake.

Hujatoka katika Uislamu, binti yangu. Nalitanguliza hili kwa sababu nimeona hofu katika maneno yako, na mwenye hofu hasikii dalili mpaka moyo utulie. Abu Waaqid al-Laythi (r.a.) amesimulia kwamba walipokuwa wakienda Hunayn pamoja na Mtume (s.a.w.), huku wengine wao wakiwa wapya katika dini, waliupita mti ambao washirikina walikuwa wakitundika silaha zao wakitafuta baraka. Wakasema: Ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu, tufanyie nasi mti kama wao. Mtume akasema Subhaanallah, akawaambia kuwa wamesema kama Bani Israili walivyomwambia Musa: Tufanyie mungu kama wao walivyo na miungu. Aliwakemea kwa ukali, lakini hakuwaambia wamekufuru wala hakuwataka washahadie upya. Ameipokea Tirmidhi. Nawe ulifuata kundi bila kujua undani wa yale uliyoyafanya, na moyo wako haukumkusudia asiyekuwa Allah.

Kupanda mlima wenyewe si kosa. Inari ni mlima mdogo wa meta 233, njia yake hupandwa na watu wa kila dini, na kutembea katika ardhi ya Mwenyezi Mungu ni halali. Jua tu unapita chini ya nini. Ile milango myekundu kwa maelfu imetolewa na watu na makampuni kwa kuomba au kushukuru, na majina yao yameandikwa kwenye nguzo. Ni nadhiri, na zimewekwa kwa mungu wao aitwaye Inari, wanayemwomba mpunga na biashara. Mbweha wa mawe wenye funguo au mashuke vinywani huhesabiwa kuwa wajumbe wake. Kwa hiyo njia ni ya kupita, ila vijukwaa vya ibada na majengo yenye masanamu kaa navyo mbali. Umar (r.a.) alisema kuwa hawaingii makanisani kwa sababu ya picha zilizomo, na Ibn Abbas (r.a.) aliswali kanisani ila penye masanamu, kama alivyotaja Bukhari. Katika madhehebu yetu ya Shafii wapo waliokataza kabisa kuingia panapo masanamu hayo, nami naona kujiepusha ndiko salama. Wakati wa sala ukikukuta mlimani, jitenge kando, mbali na vijukwaa hivyo, uelekee kibla uswali. Ardhi yote tumefanyiwa msikiti.

Kunawa kule ni tohara yao ya kumkaribia wanayemwabudu, na sarafu ni sadaka kwake. Usivirudie. Kwa lililopita, tazama Mtume (s.a.w.) alivyotufunza: aliyeapa kwa Lata na Uzza, masanamu ya washirikina wa Kiarabu, aseme laa ilaaha illa Allah, na aliyemwambia mwenzake njoo tucheze kamari atoe sadaka. Imo katika Bukhari na Muslim. Ulimi ulioteleza ulitibiwa kwa tauhidi, na mali kwa sadaka. Basi toa sadaka kwa ajili ya Allah, zaidi ya ile uliyotumbukiza.

Nije kwenye karatasi, kwani hapo ndipo penye jeraha. Mara nyingi watu hutikisa sanduku, kikatoka kijiti chenye namba, na kwa namba ile wakapewa karatasi yenye habari za safari, ndoa, ugonjwa na masomo. Waarabu wa jahilia walikuwa na mishale yao ya kupigia bao, wakiichomoa kila wanapotaka safari au ndoa. Qur'ani imeitaja kwa jina, al-azlaam, na kuiita uchafu katika kazi ya Shetani (5:90). Sijui karatasi hii inatofautiana vipi na mishale ile isipokuwa kwa wino. Ni haramu hata kwa mchezo, na inataka toba.

Ama siku arubaini, Hadithi ya Muslim inamhusu anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo. Imam Nawawi ameeleza kuwa maana yake ni kukosa thawabu, na faradhi yenyewe humtoka mtu wala hailipi. Basi usije ukaacha hata sala moja kwa kudhani haina faida! Toba ya kweli hufuta dhambi, na huwezi kutubu huku umeitupa sala.

Lakini linalonihuzunisha zaidi ni hofu uliyobaki nayo. Kosa la kuvuta lilikwisha siku ileile, na hofu ya kuwa mtihani utaharibika kwa sababu ya karatasi inaendelea hadi leo. Mtume (s.a.w.) amesema kuamini mikosi ni shirki, na Ibn Mas'ud (r.a.), aliyeipokea, akaongeza kuwa hakuna asiyepitiwa nayo moyoni, lakini Allah huiondoa kwa kumtegemea Yeye. Wapo kwetu pwani watakaolishangaa swali lako, ilhali bundi akilia juu ya paa hawalali, na kabla ya kuoza binti huenda kutazamia nyota. Ugonjwa ni mmoja. Soma: Sema, halitusibu ila alilotuandikia Mwenyezi Mungu (9:51). Na wasiwasi ukija, sema dua aliyoifundisha Mtume (s.a.w.): Allahumma laa khayra illa khayruk, wa laa tayra illa tayruk, wa laa ilaaha ghayruk, yaani: Ee Allah, hakuna kheri ila kheri Yako, wala ishara ya ndege ila Yako, wala mungu asiyekuwa Wewe. Kisha kaa usome kwa ajili ya mtihani wako, na ukiwa na jambo la kuamua, swali rakaa mbili za istikhara, za kumwomba Allah akuchagulie lililo la kheri.

Hirizi ile usiivae wala usiitundike kwenye mkoba. Mtume (s.a.w.) amesema mwenye kuvaa hirizi amefanya shirki, na hili ni kwa hirizi ya hekaluni na ya kwetu pia. Wema wa mwalimu wako ni jambo jingine: mshukuru, umpe nawe zawadi. Itupe bila kumuumiza mtu na bila maneno ya dharau, kwani Allah ametukataza kuwatukana wanaoabudiwa pasina Yeye (6:108).

Mwaka mpya watakualika tena, maana siku tatu za mwanzo wa Januari hekalu lile hujaa watu, na safari hiyo ni ya ibada khasa. Usiende. Mwambie profesa mapema, kwa upole, kuwa dini yako haikuruhusu kushiriki ibada nyingine, na kwamba utafurahi kukaa nao mezani kwa chakula kilicho halali kwako siku yoyote nyingine.

Wallahu aalam.